Mstari Nilioufunika kwa Kiganja

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, mke wangu anaisifu, na mimi naitazama nikijiuliza mstaafu anahitaji saa ya nini. Mlinipa pia kipaza sauti, nikasema maneno mawili matatu ya shukrani, nikakaa. Baadaye dada wa masijala alinifuata kwenye foleni ya chakula akaniambia, "Mzee Petro, miaka yote hiyo ndiyo umesema hayo tu? Tuandikie basi." Haya, naandika. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atachoka bure, kwa sababu vyeo vyangu vilikuja vikiwa vimechelewa kama gari la halmashauri. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha kazi, na kesi moja ya kijiji kimoja upande wa Basotu ambayo niliiharibu mwenyewe. Mama mmoja alipoteza kwake kwa sababu yangu. Kesi hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani leo. Hayo mengine ni njia ya kuwafikisha huko.

Nimezaliwa Mbulu, juu kwenye baridi, ambako mashamba ni membamba na yamepandana kwenye miteremko. Kwetu kila mtu anaujua mpaka wake hadi shina la mwisho la minyaa. Nilikua nikiamini kwamba shamba ni kitu ambacho mtu anasimama mlangoni kwake akakionyesha chote kwa kidole. Nilipopangiwa kazi Hanang kama mpima ardhi msaidizi, nilipita Haydom kwa basi, nikapata lori la vitunguu hadi Basotu, na kutoka pale lori jingine kuelekea Katesh. Njiani niliona ngano upande mmoja, mbuga upande wa pili, Mlima Hanang umekaa peke yake mbele, na sikuona mpaka hata mmoja. Nikamwuliza dereva, "Hii yote ni ya nani?" Akauliza, "Ya upande gani?" Nikasema pande zote. Alicheka mpaka tukaingia Katesh, na hadi leo sijui alichocheka ni swali au viatu vyangu, maana nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani.

Aliyenipokea ofisini ni Mzee Lohay, mpima wa zamani, mtu wa Mbulu kama mimi, mwembamba, mwenye koti moja la mvua alilolivaa masika na kiangazi. Alinikabidhi vitu vyangu akivitaja kimoja kimoja kama mtu anayekabidhi mifugo: utepe wa mita hamsini, dira, panga, mfuko wa chokaa, vigingi vya chuma, daftari, na penseli mbili. Nikaomba kalamu ya wino. Akaniambia wino ni wa watu wanaofanya kazi chini ya bati. Wiki ya kwanza mvua ilitukuta porini, nikafungua daftari langu nikakuta kila tarakimu imekaa mahali pake. Sikuomba kalamu tena.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima kiwanja cha shule huko Mogitu. Nilifanya kwa bidii, nikasimika vigingi pembe zote nne, jasho linanitoka, nikaenda kumwita mzee aje aone. Alishika utepe akautazama.

"Umeanzia wapi?" akauliza.

"Mwanzo wa utepe, mzee."

"Mwanzo wa utepe huu ni ngapi?"

Nikatazama. Ulikuwa umekatika siku nyingi, ile mita ya kwanza haikuwepo. Kila upande wa shule nilikuwa nimeupunguza mita moja.

"Ng'oa vyote," alisema, wala hakupandisha sauti. Nilipokuwa nang'oa alikuja akachuchumaa karibu. "Usisononeke. Kosa la utepe si kitu, kesho unarudi unapima tena. La kuogopa ni la karatasi. Karatasi ikishapigwa mhuri, watu wanaiamini kuliko macho yao."

Mzee Lohay alikuwa na utaratibu wake, na wakati ule niliuona ni wa kupoteza muda. Akifika kwenye boma la watu, hafungui mkoba mpaka asalimie wote, akubali kiti, anywe alichopewa. Mpaka wa shamba alikuwa haupimi kabla hajautembea na mwenye shamba, tena kwa mwendo wa mwenye shamba. Alikuwa akiwauliza kina mama kabla ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaotafuta kuni na wanajua kuni za jirani zinaanzia wapi. Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia mara nyingi hadi nikawa namwigiza nyuma ya mgongo wake: mtu akinyamaza usimwulize tena ukiwa mbele yake, hama, kakae pembeni yake, ndipo umwulize. Alistaafu, akarudi Mbulu, na baada ya miaka michache tukaenda kumzika. Mjane wake alinipa dira yake. Ninayo hadi leo na kioo chake kimepasuka.

Kisha zikaja GPS za mkono. Sitawadanganya, nilizipenda. Kazi ya siku tatu ikawa ya asubuhi moja, na mimi nikaanza kuitwa "Bwana Ardhi" kila nilikopita, jina ambalo lilinipendeza kuliko ilivyopaswa. Nilikuwa na haraka siku zile. Wote tulikuwa na haraka. Vijiji vilikuwa vingi, mpango wa hati za kimila ulikuwa umeanza, na wakubwa walitaka kusikia vijiji vingapi vimekwisha, siyo vimekwishaje.

Kijiji ninachotaka kuwaeleza sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya wahusika wako hai. Hata nikikitaja wengi wenu hamtakijua. Kutoka Basotu unakodi pikipiki, unakwenda na ukingo wa mashamba ya ngano, halafu njia inakuwa ya ng'ombe. Kiangazi unafika umejaa vumbi hadi kwenye kope. Masika ni habari nyingine: kuna udongo mweusi kule unaokamata gurudumu usiliachie, na nimewahi kuiacha pikipiki imesimama wima yenyewe katikati ya njia, bila stendi, nikaenda kwa miguu.

Nusu ya wakazi walikuwa Wairaqw walioshuka kutoka milimani kutafuta mashamba. Hao walijenga nyumba za tofali na bati, wakapanda mahindi, alizeti na vitunguu, na Jumapili utawasikia kanisani. Nusu nyingine walikuwa Wabarabaig, wafugaji, waliokuwapo kabla ya kijiji kuitwa kijiji. Maboma yao yalikuwa mbalimbali, na kiangazi wanaume walihama na ng'ombe kwa wiki kadhaa. Sisi Wairaqw na wao tuliishi vizuri kwa kiasi. Tulisalimiana, tuliuziana maziwa na mahindi, tulikutana mnadani. Lakini kukutana mnadani si kujuana. Nilikuwa nimefanya kazi Hanang miaka mingi, na mambo ya ndani ya boma la Mbarabaig nilikuwa siyajui kabisa, na sikujua kwamba siyajui.

Uhakiki wa wenye maeneo ulifanyika ndani ya ghala la kijiji, kwenye harufu ya alizeti. Mimi nilikaa mezani, nina fomu, GPS, na daftari la zamani la kijiji lenye jalada la kijani, lililoandikwa enzi kijiji kilipoanzishwa, likiwa na majina ya wenye maboma wa kwanza. Kamati ilikaa kwenye benchi. Mbarabaig mmoja tu alikuwa mjumbe, na siku hiyo hakuwepo, alikuwa amepeleka ng'ombe kulamba chumvi ziwani Balang'da. Tungeweza kumsubiri siku mbili. Hatukumsubiri.

Alikuja mama mmoja, jina lake Udahaida, ila watu walimwita Mama Paulina kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa ameolewa Mogitu. Alikuwa mtu mzima, rika langu au kunizidi kidogo, amevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba zilizojaa mkono. Mumewe alikuwa amefariki. Alikuwa akiishi peke yake katika boma lililokuwa kando ya korongo, pamoja na shamba lake. Aliyepingana naye aliitwa Gidamosi, mtoto wa baba mdogo wa marehemu. Gidamosi alisema eneo ni la ukoo na mama huyu alikaribishwa tu.

"Mama, eneo hili umelipataje?" nikamwuliza.

"Ni kwangu. Niliolewa hapa. Nimezaa hapa. Baba Paulina nimemzika hapo nje, na mimi nitawekwa hapo pembeni yake."

"Baba Paulina alilipata kwa nani?"

"Kwa baba yake."

Gidamosi akasimama. Alikuwa mtu wa maneno laini. "Bwana Ardhi," akasema, "kila mtu anaweza kusema ni kwa baba yake. Wewe muulize huyo baba anaitwa nani. Kama kweli ni mke wa nyumba ile, jina si atalijua?"

Nakumbuka kwamba Wabarabaig waliokuwa wamesimama mlangoni walitazama chini wote. Mmoja akakohoa. Mimi niliona ni swali la haki kabisa, tena nikalifurahia, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo. Nilifungua daftari la kijani, nikaupata mstari: jina la mzee, na maelezo ya boma la korongoni. Nikaufunika kwa kiganja cha mkono wa kushoto, kama mwalimu anayelinda majibu ya mtihani. Mama mwenyewe hakujua kusoma. Sijui nilikuwa namficha nani.

"Mama, taja jina la baba mkwe wako."

Akazitazama bangili zake. "Ni yule aliyechimba kisima cha korongoni."

"Mama, waliochimba visima ni wengi. Jina."

"Mwenye wale ng'ombe wa madoa. Wazee wote wanamjua."

Watu wachache kwenye benchi walicheka. Nami nilitabasamu, Mungu anisamehe. "Mama Paulina, sikuulizi habari za ng'ombe. Nauliza jina la mtu. Unalijua au hulijui?"

Alisimama pale amenyoosha mgongo, midomo imefungwa, na jasho likamtoka kwenye paji la uso ingawa ghala lilikuwa la baridi. Kulikuwa na meza kati yangu na yeye. Sikuinuka. Mzee Lohay angeinuka. Mimi nilichukua kalamu, ya wino safari hii kwa kuwa tulikuwa chini ya bati, nikaandika kwenye fomu: Mdai hakuweza kutaja jina la mmiliki wa awali. Kamati ikatia saini, mtendaji wa kijiji akagonga mhuri, nikaita anayefuata.

Matangazo yalibandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji ili mwenye pingamizi alete. Siku moja nilipokuwa huko mtendaji aliniambia, "Mzee, yule Mama Paulina amekaa hapo nje tangu asubuhi, anakusubiri wewe." Nikatoka. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Hirbadaw na mwenye pikipiki alikuwa ameshawasha. Nikamwambia, "Mama, nitakuja wiki ijayo tuongee." Akasema, "Sawa, Bwana Ardhi." Nilirudi baada ya miezi miwili. Hati ilikuwa imeshatoka kwa jina la Gidamosi, naye alikuwa amemkodishia mkulima mwenye trekta, na mama alikuwa amefungasha ngozi zake na vibuyu vyake akaenda Mogitu kwa binti yake. Nilisikia, nikasema ndivyo kesi zinavyokwenda, nikaendelea na kazi.

Miaka mitatu ilipita. Siku moja nilikuwa Hirbadaw, naandikisha eneo la mume na mke, Wabarabaig vijana, wachangamfu, mume amesoma hadi kidato cha nne. Nikafika kwenye kipengele kilekile. Nikamgeukia mke nikamwuliza eneo lilitoka kwa nani. Akasema kwa baba mkwe. Nikamwuliza jina. Akainamisha kichwa akafunika mdomo kwa shuka, na mumewe akacheka.

"Mzee, huyo hawezi kukuambia. Kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake mpaka anakufa. Hata neno linalokaribiana nalo analikwepa, anatafuta jingine. Akilitaja mbele ya watu ni kama amemvua nguo yule mzee. Niulize mimi, au waulize watoto, wao ni babu yao."

"Sasa mtu akimwuliza anafanyaje?"

"Anakuelezea. Atakwambia yule mwenye mbuzi weusi, yule aliyejenga pale. Mwenye akili anaelewa."

Nilishindwa kuandika. Nikamwomba yule bwana maji ya kunywa, akaniletea, nikakaa nayo mkononi. Yule aliyechimba kisima cha korongoni. Mwenye wale ng'ombe wa madoa. Alikuwa amenijibu mara mbili, tena kwa usahihi, na mimi nilimcheka. Na Gidamosi alijua. Wale wote waliotazama chini pale mlangoni walijua. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu ndani ya ghala lile, ndiye aliyeshika kalamu.

Niliandika dokezo kwa wakubwa siku iliyofuata. Nilijibiwa kwa adabu kwamba hati ikishatolewa haifutwi kwa majuto ya mpima. Mlalamikaji aende mwenyewe baraza la ardhi. Nikachukua ruhusa, nikaenda Mogitu.

Paulina alinipokea uani, mwanamke mrefu, mkulima, ana msalaba shingoni. "Shikamoo mzee," akasema, bila kunitazama usoni. Nikaitikia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta anachambua maharage kwa kupapasa, macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Safari hii nilikaa chini, pembeni yake, kwenye udongo. Nikamweleza yote: kwamba nilikuwa sijui, kwamba sasa najua, kwamba nilikosa. Alisikiliza akiendelea kuchambua.

"Daftari ulikuwa nalo?" akauliza.

"Nilikuwa nalo, mama."

"Jina lilikuwemo?"

"Lilikuwemo. Nilikuwa nimelifunika kwa mkono."

"Ungeondoa mkono ukalisoma wewe," akasema. "Mimi ningeitikia tu."

Nililia, na sioni aibu kuliandika hapa. Paulina akaingia ndani akatuacha. Mama aliendelea na maharage yake mpaka nilipotulia, ndipo akasema, "Hapa nakaa kwa mkwe wangu. Ananilisha, hana neno baya. Lakini ni kwa mkwe. Mimi sitaki shamba, Bwana Ardhi, nitalima na macho gani? Nataka nikawekwe pale alipo baba Paulina. Unaweza?"

Nikasema nitajaribu. Sikuthubutu kusema ndiyo.

Tulifungua shauri. Wenzangu, mnajua mabaraza yalivyo. Mara akidi haijatimia, mara njia imekatika, mara Gidamosi yuko mbugani na ng'ombe. Kila mara mama alitoka Mogitu alfajiri kwa gari la mnadani, amevaa sketi yake ya ngozi, na kila mara alirudishwa. Mara ya tano ndiyo tukasikilizwa. Nilitoa ushahidi dhidi ya fomu yangu mwenyewe, mwenyekiti akanitazama juu ya miwani kama mtu anayetazama mbuzi anayesoma. Yule mjumbe aliyekuwa Balang'da naye alikuja akaeleza mila yao. Kisha Paulina akaitwa. Alisimama, akalitaja jina la babu yake kwa sauti, jina kamili, na la baba wa babu yake pia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa wakati binti akisema. Mwenyekiti akalisoma lile jina kutoka kwenye daftari la kijani, akamwuliza, "Mama, ndiye huyu?" Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Baraza likasema uamuzi utatolewa siku nyingine.

Alifariki masika hayo, kabla ya siku nyingine kufika. Paulina alinipigia simu. Nikampigia mtendaji, mtendaji akamfuata Gidamosi kumwomba waruhusu maziko tu, mengine yasubiri. Gidamosi akajibu kwa maneno yake laini kwamba yeye anasubiri baraza. Na hata kama angekubali, udongo mweusi ulikuwa umefunga njia kutoka Basotu siku nne. Tulimzika Mogitu, nyuma ya nyumba ya mkwe wake, mahali pazuri, penye migomba. Watu walisema pazuri.

Uamuzi ulitoka baada ya mavuno. Mama Paulina alikuwa ameshinda. Hati ya Gidamosi ilifutwa, na eneo likaamriwa lipimwe upya kwa jina la mrithi. Nilikuwa nimebakiza wiki chache kazini. Nikamwomba mkuu wangu anipe mimi kazi hiyo, akanipa, na kishikwambi kimoja kutoka kwenu vijana, ambacho kilikuwa hakikubali kwenda mbele mpaka kila kisanduku kijazwe. Nawaomba jambo hapa, na ndilo ombi langu pekee: kikikataa kwenda mbele, msimkimbize mtu kwa sababu yake. Fungeni, hameni mlipokaa, someni nyinyi jina halafu mngoje mtu aitikie. Muulizeni nani mwingine anaweza kulisema. Kisanduku kitasubiri, hakina pa kwenda.

Tulifika na Paulina asubuhi. Lilikuwa shamba tupu, mabua ya ngano yaliyokatwa hadi korongoni. Boma halikuwepo tena, wala zizi. Alizunguka muda mrefu akitafuta mlango wa nyumba aliyozaliwa. "Mzee, kwenye ramani yako huna mlango?" akaniuliza. Nilikuwa na pembe zote za eneo lile, hadi vipande vya mita. Mlango sikuwa nao. Hatukuwa tunapima milango.

Kaburi la baba yake tulilikuta. Dereva wa trekta alikuwa amelizunguka, likabaki kisiwa cha majani katikati ya mabua. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, imelimwa.

Nikasimika vigingi, Paulina akivishika nikigonga. Tulipomaliza tuliketi kando ya kaburi, nikatoa fomu ya karatasi, maana kishikwambi kilikuwa kimeisha chaji. Nikamsomea vipengele kimoja kimoja, naye akajibu. Nikafika kwenye kile.

"Eneo hili umelirithi kwa nani?"

Nilitegemea ataje babu yake, au baba yake, kama watu wote wanavyofanya.

"Kwa Udahaida," akasema. "Mama yangu."

Nikaliandika taratibu, kwa penseli kwanza na kisha kwa wino juu yake. Karatasi ilikuwa inapeperushwa na upepo na Paulina akaishikilia upande mmoja ili nimalize, kwa sababu mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeuweka mfukoni.